Kipimo cha seli za mrija wa nyongo: ukiambiwa "hakuna saratani", usilale
Shemeji yangu wa Muthetheni, kule Machakos, macho yalimgeuka manjano, mkojo ukawa kama chai ya rangi, choo kikawa cheupe. Tukampeleka Nairobi. Daktari alipitisha mpira wenye kamera mdomoni hadi utumboni, akaingiza brashi ndogo ndani ya mrija wa nyongo, akakwangua seli. Maabara huzipaka kwenye kioo, huzitia rangi, kisha mtaalamu huzitazama kwa hadubini. Jibu likisema saratani ipo, kwa kawaida ni kweli. Likisema haipo, ndugu zangu, msilale: brashi hukosa karibu nusu ya saratani hizi, maana uvimbe huwa mgumu na seli hutoka chache. Sisi tulirudia kipimo, ndipo ikaonekana. Muulizeni daktari: sampuli ilitosha?