Samaki Hafugwi kama Kuku

Mtu wa Bungoma ukimpa kifaranga cha kuku, hahitaji kufundishwa. Atamrushia mahindi, atamfungia jioni, na siku akija mgeni wa heshima atajua la kufanya. Samaki ni habari nyingine kabisa. Haji ukimwita. Kivuli chako kikianguka majini, ametoweka. Akiugua, halii. Na ukimlisha vizuri, anakua upesi kuliko nyumba uliyompa. Ndiyo maana historia ya kufuga samaki kwenye miteremko hii, kutoka Kitale kushuka hadi Bungoma, ni historia ya watu kujaribu, kuacha, kisha kujaribu tena.

Tuanzie mtoni, maana samaki walikuwa huko kabla ya mtu yeyote kuchimba kidimbwi. Mto Nzoia unakusanya maji kutoka Cherangani na Mlima Elgon, unaporomoka pale Nabuyole karibu na Webuye, halafu unaelekea Ziwa Victoria. Upande wa chini, samaki wake maarufu alikuwa ningu. Huyu anaishi ziwani, lakini mvua ikinyesha na mto ukifura, hupanda kwa makundi kwenda kutaga mayai penye mafuriko. Wavuvi waliijua ratiba yake. Walimtegea kwa migono na vizuizi vya fito, na msimu ukipita, walimwacha aende zake.

Migono haikummaliza ningu. Miaka ya 1950 zilienea nyavu za nailoni, na zilipotandazwa midomoni mwa mito ziliwanasa njiani, mayai yakiwa bado tumboni. Mwaka 1965 mtafiti aitwaye Cadwalladr alichapisha utafiti kuhusu Nzoia yenyewe, akaonyesha mambo mawili yanayokwenda pamoja: ningu wanapungua, na ufundi wa zamani wa kuwavua nao unafifia. Halafu mwaka 1974 kiwanda cha karatasi cha Pan Paper kikaanza kazi Webuye, na maji yake machafu yakaishia mto ule ule hadi kilipofungwa mwaka 2009.

Wakati huohuo, wageni walikuwa wameleta samaki wao. Trauti wa kwanza waliletwa Kenya kutoka Uingereza mwaka 1905, wakatiwa katika Mto Gura, kule Aberdare. Baadaye mito ya baridi ya Elgon nayo ikapata trauti. Huyu ni bingwa wa woga: akihisi hatua zako ukingoni, ameshajificha. Walowezi hawakumleta kwa sababu ya njaa. Walimtaka wa kumvizia kwa ndoana siku ya mapumziko, na kwao woga ule ndio uliokuwa starehe yenyewe.

Mwananchi wa kawaida alihitaji samaki wa sufuria, si wa kuviziwa. Majaribio ya kufuga tilapia Kenya yalianza miaka ya 1920, na mwaka 1948 vikajengwa vituo viwili vya serikali: Sagana kwa samaki wa maji ya joto, Kiganjo kwa trauti. Miaka ya 1960 ikaja kampeni ya kuhimiza watu wale samaki zaidi. Magharibi mwa nchi iliitikia kwa jembe. Watu walichimba vidimbwi vingi sana, vidogo vidogo. Kufikia miaka ya 1970, vingi vilikuwa vimeota nyasi.

Kwa nini? Wengine husema ni uvivu, lakini jibu lenyewe liko ndani ya maji. Tilapia anaweza kuanza kuzaa akiwa na miezi michache tu. Jike huyatunza mayai mdomoni, kwa hiyo watoto wengi hupona. Mkulima anatia samaki wachache, anasubiri, halafu anavuna mamia ya visamaki visivyozidi kidole. Chakula kiligawanywa kwa vinywa vingi mno. Dawa yake inajulikana: fuga madume peke yao, au tia kambare wachache wawale watoto. Ila kujua hilo kunahitaji afisa anayekutembelea na mbegu nzuri, na hivyo viwili ndivyo vilivyokosekana.

Kisha kuna baridi. Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, Bungoma kama mita 1,400. Tilapia hupenda maji ya nyuzijoto 25 hadi 30. Yakishuka chini ya 20, anazubaa na kukua kunakwama. Kwa hiyo shauri lilelile linaloleta faida Bungoma linaweza kuleta hasara Kitale, umbali wa safari fupi ya matatu.

Mwaka 2009 serikali ilijaribu kwa nguvu zaidi. Mpango wa kuchochea uchumi ulilenga vidimbwi 200 katika kila eneo bunge kati ya maeneo 140, kila kidimbwi mita za mraba 300 na vifaranga 1,000. Piga hesabu: vidimbwi 28,000, vifaranga milioni 28. Vitatoka wapi? Hapo ndipo mashamba ya kuzalisha vifaranga, kama lile la Chwele huko Bungoma, yalipoonekana thamani yake. Kuchimba shimo ni kazi ya wiki. Kupata kifaranga bora ni kazi ya miaka.

Siku hizi kuna mfugaji mwingine: yule mwenye tangi la kioo sebuleni. Mtindo huu ulishika kasi Uingereza miaka ya 1850, bustani ya wanyama ya London ilipofungua jumba la samaki mwaka 1853. Lakini kioo hakibadilishi tabia ya samaki. Samaki mwoga anataka mimea ya kujificha, wenzake wa kundi lake, mfuniko asije akaruka nje, na taa isiyowashwa ghafla. Maji ya mfereji yenye klorini yalale kwanza. Tangi jipya lipewe wiki kadhaa ili bakteria wa kusafisha uchafu wazaliane. Stima ikipotea, pampu ya hewa imezimika, na samaki waliosongamana ndio hufa kwanza. Na anayekua haraka, kama tilapia, asiwekwe humo kabisa; sebule si ziwa.

Tusilidharau tangi, hata hivyo. Sangara alipotiwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950 na 1960, aina nyingi za fulu zilitoweka ziwani. Baadhi zimesalia leo kwa sababu zilitunzwa kwenye matangi huko Ulaya na Marekani. Ningu naye, watafiti wa Uganda waliripoti mwaka 2004 kwamba wamefaulu kumtagisha akiwa kifungoni. Maana yake mlango bado uko wazi. Tumekwisha kujifunza kufuga samaki wanaotuvumilia. Swali lililobaki kwa watu wa Nzoia ni kama tutajifunza kumfuga yule anayetukimbia kabla mjukuu hajalazimika kupanda ndege kwenda kumwona nyuma ya kioo cha watu wengine.