Alama za GMAT zimegoma? Haya ya kuangalia kabla ya kulipia tena

Wanafunzi wa vyuo vikuu Tanzania wana msemo wao: msuli tembo, matokeo sisimizi. Unawafaa sana watu wanaotoka kwenye chumba cha GMAT, mtihani unaotumiwa na vyuo vingi duniani kuchuja waombaji wa MBA. Mtu amejifungia miezi mitatu, kitabu cha maswali amekimaliza chote, halafu kompyuta inamtolea 545 wakati alikuwa anapiga hesabu za 645.

Wengi wakishachemka hivyo hufanya kitu kimoja: wanalipia tena, wananunua kitabu kingine na kuanza upya ukurasa wa kwanza. Hapo ndipo hela inapopotea, kwa sababu mtahiniwa hajajua alama zake zilivujia wapi.

Kwanza, je, ni mbaya kweli?

Toleo la sasa la GMAT lilianza Novemba 2023, na lile la zamani likafungwa mwishoni mwa Januari 2024. Zamani alama zilikuwa 200 hadi 800. Sasa ni 205 hadi 805, na zote zinaishia na 5. Vipimo hivi viwili si kitu kimoja. 645 ya sasa inakaribiana na 700 ya zamani.

Kwa hiyo ule ushauri wa kaka aliyesoma MBA miaka ya nyuma, kwamba chini ya 700 mtu asihangaike kuomba, umepitwa na wakati. Mwenye 655 anaweza kujiona amefeli kumbe yuko vizuri tu. Vyuo vingi huweka kwenye tovuti zao alama za wanafunzi waliopokelewa. Cha kuangalia ni alama hizo ni za toleo lipi.

Makosa hayafanani

Kama alama ni ndogo kweli, kazi ya kwanza ni kurudia maswali yote aliyokosa kwenye mazoezi, safari hii bila saa. Akilikosa tena, hajui mada, arudi kwenye kitabu. Akilipata, tatizo si ujuzi. Ni muda, au ni kusoma swali haraka haraka.

Hili la kusoma vibaya linaumiza kuliko yote. Chukua swali hili: shati la shilingi 20,000 limepanda bei kwa asilimia 20, kisha bei hiyo mpya ikapunguzwa kwa asilimia 20. Bei ya mwisho ni pungufu kwa shilingi ngapi kuliko ya mwanzo? Mtahiniwa anakokotoa vizuri kabisa, anapata 19,200, anaikuta kwenye majibu, anabofya. Swali liliuliza pengo, yaani 800. Mtu wa namna hii hata akiongezewa mada kumi za hesabu, alama zitabaki palepale. Anachohitaji ni kuandika pembeni anachoulizwa kabla ya kugusa namba.

Kuhusu muda, mtihani una maswali 64 kwa dakika 135: Hesabu 21, Lugha 23 na Uchambuzi wa Data 20, kila sehemu dakika 45. Kwenye Hesabu hiyo ni kama dakika mbili na sekunde chache kwa swali, tena bila kikokotoo. Kung'ang'ania swali moja dakika tano ni kuyaibia mengine mawili. Na maswali yaliyoachwa bila jibu hupunguza alama, kwa hiyo kubahatisha na kusonga mbele ni bora kuliko kuishiwa muda. Mtahiniwa anaruhusiwa kurudi na kubadili majibu matatu kwa kila sehemu, lakini hilo lina faida kama dakika zimebaki.

Sehemu inayosahaulika

Kila sehemu hupewa alama kati ya 60 na 90, na zote tatu zina uzito sawa kwenye jumla. Mhandisi anayejichimbia kwenye hesabu kwa sababu ndiko anakosikia raha, huku Uchambuzi wa Data akiugusa juujuu, anajipunja mwenyewe.

Huko kuna maswali ya kupima kama taarifa zinatosha. Mfano: je, x ni kubwa kuliko sifuri? Taarifa ya kwanza, x mara x ni 9. Taarifa ya pili, x mara x mara x ni 27. Ya kwanza haitoshi, maana x inaweza kuwa 3 au hasi 3. Ya pili peke yake inatosha. Mtego ni kwamba shuleni mtu alizoeshwa kutafuta jibu, hapa anaulizwa kama jibu linaweza kupatikana. Sehemu hii ina kikokotoo, ila kwa swali kama hilo hakisaidii kitu.

Kurudia lini?

Sheria inataka zipite siku 16 kati ya mtihani na mtihani, na mwisho ni mara tano ndani ya miezi 12. Lakini kuruhusiwa si kuwa tayari. Siku 16 zinamtosha aliyeishiwa muda kwenye sehemu moja. Asiyejua mada anahitaji wiki nyingi zaidi. Kipimo kizuri ni majaribio rasmi mawili ya bure kwenye tovuti ya mba.com. Moja lifanywe mwanzoni, la pili libaki kwa ajili ya siku za mwisho, na yote kwa saa halisi, simu ikiwa chumba kingine.

Mtahiniwa huona alama zake kwanza, ndipo aamue zipelekwe chuo gani. Ile 545 asipoituma, chuo hakiioni. Alama hudumu miaka mitano, na kama GMAT imegoma kabisa, vyuo vingi vya biashara, Harvard kikiwemo, vinapokea pia mtihani wa GRE.