Tiba ya Bure, Mchele wa Mgawo: Unguja Baada ya 1964

Ndugu zangu wa ukoo, kila tukutanapo hapa Uingereza wazee wetu hugawanyika. Mmoja huisifu Unguja ya Mzee Karume kwa hospitali zake, mwingine huilaumu kwa dhiki ya chakula. Nionavyo mimi, wote wawili wasema kweli, tena juu ya nyumba zilezile.

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, madaktari wa Kichina waliwasili mwaka uo huo, na mwaka 1965 matibabu yakatangazwa kuwa ya bure. Hospitali kuu ya Mnazi Mmoja ikaitwa V. I. Lenin. Mtu wa shamba alilazwa pasi na kuulizwa senti moja. Hilo si jambo dogo.

Lakini siha haikai hospitalini peke yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mchele, unga na sukari vilitolewa kwa mgawo, na mama zetu wakiamkia foleni. Na malaria je? Kazi ya kupuliza dawa majumbani ilikuwa imeishusha hadi chini ya watu 5 katika kila 100 kufikia 1968. Mwaka huo kazi ikasimamishwa, na miaka michache baadaye homa zikarejea kwa wingi.

Katika barua za marehemu shangazi ninazozihifadhi, ukurasa wa kwanza humsifu daktari wa Kichina. Wa pili huomba sabuni na panadoli. Mwenye barua za miaka ile, tafadhali azilete mkutanoni tuzinakili.