Kutoka Mwalo wa Nkome Hadi Daraja la Rusumo

Jua likizama mwaloni Nkome, wavuvi wa dagaa huandaa taa na nyavu zao, maana usiku usio na mwezi ndio usiku wao wa riziki. Hapo ndipo nilipoanzia safari, nikiwa na swali moja: kwa nini hofu ya siku moja humkaa mtu miaka thelathini?

Ziwa hili, Victoria, linayo sababu ya kuulizwa. Mei 21, 1996, meli ya MV Bukoba ilizama ikikaribia Mwanza na mamia ya watu wakafa. Miaka miwili kabla yake, mto Kagera ulikuwa umemwaga humu miili ya waliouawa Rwanda. Nikaamua kusafiri kwa barabara kuelekea ulikotoka mto huo.

Nilipita Nzera, Geita mjini, Katoro, Bwanga, Biharamulo, hadi Benaco kule Ngara, mahali palipobaki na jina la kampuni ya Kiitaliano iliyojenga barabara. Mbele yake kuna daraja la Rusumo, mpakani na Rwanda. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka daraja hili kuingia Tanzania katika muda wa siku moja hivi. Nilisimama pale kwa muda mrefu.

Katika kila mwili uliovuka, tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo zilikuwa zinafanya kazi. Zinamwaga adrenalini, moyo unakimbia. Baadaye kidogo inafuata homoni ya pili, kotisoli. Ndani ya ubongo nayo noradrenalini inaiamsha amigdala, sehemu ndogo kama lozi inayopima hatari, na tukio linapigwa chapa kama ng'ombe wa Msukuma: halifutiki. Harufu, mlio na rangi hubaki. Kinachopotea ni mpangilio: nini kilianza, nini kilifuata, na kwamba yameshapita. Ndiyo maana harufu ya dizeli tu humrudisha manusura wa meli majini.

Haya yamechunguzwa jirani kabisa na hapa, ng'ambo ya Kagera, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda. Mwaka 2007 watafiti wa Uswisi na Ujerumani, Dominique de Quervain akiwa mmoja wao, walieleza kwamba manusura wa Rwanda wenye umbo fulani la jeni linalohusika na noradrenalini walirudiwa zaidi na picha za mauaji. Nilipolisoma hilo nilipata faraja: anayeandamwa na kumbukumbu si mwoga, wala hana imani haba.

Kotisoli ina sura ya pili. Ikizidi wakati mtu anataka kukumbuka, huizuia kumbukumbu ya zamani isichomoze kwa nguvu zake zote, na huliimarisha funzo jipya kwamba hapa sasa ni salama. Mwaka 2011 kundi la de Quervain liliwapa watu wenye hofu ya kuwa mahali pa juu vidonge vya miligramu 20 za kotisoli, saa moja kabla ya kila kikao cha tiba, na hofu yao ikapungua kuliko ya waliopewa vidonge visivyo na dawa. Kidonge peke yake hakitoshi. Lazima mtu aikabili hofu yenyewe.

Nakivale, waliowatibu wakimbizi hawakutumia kidonge, bali masimulizi. Katika tiba ya aina hiyo, kamba hutandazwa chini iwe maisha ya mtu tangu kuzaliwa, jiwe huwekwa penye msiba, ua penye furaha. Kisha msimulizi hupita jiwe kwa jiwe, kwa utaratibu, hadi tukio lipate mahali na tarehe yake. Walioongoza vikao vya Nakivale walikuwa wakimbizi wenyewe, waliofunzwa kwa muda mfupi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008: walipofuatiliwa baadaye, asilimia 70 ya waliosimulia hivyo hawakuwa tena na ugonjwa wa kiwewe. Wenzao walioshauriwa kwa njia nyingine walifikia asilimia 65, na walioachwa bila tiba asilimia 37.

Nilirudi Nkome kwa njia ileile. Chombo kikizama, hapa tunatafuta maiti, tunazika, na aliyenusurika tunamwambia asahau. Homoni zake hazimruhusu. Kila mwalo wa ziwa hili una watu wenye subira wanaojua kusikiliza. Halmashauri zetu ziwafundishe kazi hii, kama wakimbizi wa Nakivale walivyofundishwa.