Kadi Inayoingia Lakini Inakataliwa: Historia Fupi ya Modemu za Kompyuta Mpakato

Mwaka jana nilinunua kompyuta mpakato iliyotumika, hapa Kampala. Ile ya zamani ilikuwa imekufa, lakini kadi yake ya modemu isiyotumia waya ilikuwa nzima, basi nikaihamisha. Iliingia vizuri, nikakaza skrubu. Nilipowasha, maandishi yakatokea kwamba kadi haijaidhinishwa, na kompyuta ikagoma kuendelea.

Tatizo hili lina historia. Chama cha PCMCIA kiliundwa Marekani mwaka 1989 ili kadi moja itumike kwenye kompyuta ya mtengenezaji yeyote. Kadi zilikuwa na upana na urefu wa kadi ya benki. Kiwango cha mwaka 1990 kilihusu kumbukumbu tu. Modemu zilipata nafasi katika toleo la mwaka 1991. Mwaka 1995 ikaja CardBus, ya biti 32 na volti 3.3, ilhali kadi nyingi za awali zilitumia volti 5. Wabunifu waliweka alama ya mkato ukingoni ili kadi mpya isiingie kabisa kwenye kompyuta ya zamani. Mwaka 2003 ExpressCard ikabadilisha hata umbo. Usumbufu, ndiyo, lakini wa wazi: kisichofaa hakiingii.

Mambo yaligeuka modemu zilipohamia ndani, chini ya kifuniko. Sasa umbo lilikuwa moja, ila bayosi ya kompyuta ilibeba orodha ya kadi zinazokubaliwa. ThinkPad za IBM zilijulikana kwa kosa namba 1802, lililomwamuru mtumiaji azime mashine na kuitoa kadi. Sababu iliyotolewa ni kwamba FCC, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, huidhinisha redio pamoja na antena yake. Sababu hiyo siidharau. Hata hivyo, watumiaji wa Linux waligundua kuwa katika baadhi ya modeli, kubadilisha biti moja ya kumbukumbu ya CMOS kulitosha kuzima ukaguzi huo.

Kwetu kompyuta nyingi hufika zikiwa zimetumika, na sheria ya Marekani husafiri nazo humo ndani. FCC haina mamlaka Uganda. Nani basi aliyenizuia, mimi mwenye mashine na kadi, vyote nilivyovilipia? Wanahistoria wetu wa teknolojia huhesabu simu na minara. Kufuli za aina hii hawazigusi.

Fundi alinishauri ninunue modemu ya USB. Nilinunua. Kadi bado ipo kwenye droo, nzima.