Halmashauri za England na Usimamizi wa Watoto Wanaosomeshwa Nyumbani

Nchini England, ambayo ndiyo sehemu kubwa zaidi ya Ufalme wa Muungano wa Uingereza, sheria inamlazimisha mzazi kumpatia mtoto wake elimu, lakini haimlazimishi kumpeleka shule. Tofauti hiyo, ambayo kwa macho ya haraka ni ya maneno tu, ndiyo chanzo cha kazi ngumu waliyo nayo maofisa elimu wa halmashauri: kumfahamu mtoto anayesomeshwa nyumbani, na kujiridhisha kwamba kweli anasomeshwa.

Msingi wa jambo hili ni kifungu cha 7 cha Sheria ya Elimu ya mwaka 1996. Kwa mujibu wa kifungu hicho, mzazi wa mtoto aliye katika umri wa elimu ya lazima anawajibika kuhakikisha mtoto anapata elimu ya muda wote, yenye ufanisi na inayolingana na umri, uwezo, vipaji na mahitaji yake maalumu, ama kwa kuhudhuria shule ama kwa njia nyingine. Umri huo huanza muhula unaofuata baada ya mtoto kutimiza miaka 5 na hukoma mwishoni mwa mwezi Juni wa mwaka wa masomo ambao anatimiza miaka 16. Fursa ya “njia nyingine” haikubuniwa mwaka 1996. Ilikuwemo tayari katika Sheria ya Elimu ya mwaka 1944.

Mzazi aliyetoka Tanzania, ambako Sheria ya Elimu, Sura ya 353, inataka mtoto aliyefikia umri aandikishwe shuleni na kuhudhuria hadi amalize elimu ya msingi, huenda akaushangaa utaratibu huu. Mzazi anayesomesha nyumbani nchini England hatakiwi kuwa na cheti cha ualimu. Halazimiki kufuata mtaala wa taifa, kuwa na ratiba ya vipindi wala kumfanyisha mtoto mitihani. Ofisa wa halmashauri naye hana haki ya kuingia nyumbani kwake bila ridhaa, na hawezi kudai kuonana na mtoto kwa sababu tu kwamba anasomea nyumbani.

Hata hivyo halmashauri haikuachwa mikono mitupu. Kifungu cha 436A kinaitaka iweke utaratibu wa kuwatambua, kadiri inavyowezekana, watoto wa eneo lake ambao hawako shuleni na hawapati elimu inayofaa mahali pengine. Taarifa kuu hutoka shuleni. Mzazi anapomwandikia mwalimu mkuu kwamba ameamua kumsomesha mtoto nyumbani, shule hufuta jina katika daftari la wanafunzi na inapaswa kuijulisha halmashauri. Kwa mtoto aliyepangiwa na halmashauri shule ya elimu maalumu, jina halifutwi hadi halmashauri iridhie.

Hapo ndipo penye pengo. Mtoto ambaye hakuwahi kuandikishwa katika shule yoyote hana jina la kufutwa, na familia inayohama kutoka halmashauri moja kwenda nyingine inaweza kupotea katika kumbukumbu za zote mbili. Halmashauri inaweza kufuatilia tu yule ambaye imeambiwa habari zake.

Inapopata taarifa, hatua ya kwanza huwa ni barua ya kuuliza mtoto anasomaje. Mzazi anaweza kujibu kwa maelezo ya maandishi, kwa sampuli za kazi za mtoto au kwa kukubali kutembelewa. Tangu hukumu ya kesi ya Phillips dhidi ya Brown ya mwaka 1980, inafahamika kwamba mzazi anayekataa kabisa kutoa maelezo anaipa halmashauri sababu ya kuhisi kuwa elimu haitolewi. Ikihisi hivyo, kifungu cha 437 kinaitaka impe mzazi notisi ya siku zisizopungua 15 ili aithibitishie kwamba mtoto anapata elimu inayofaa. Isiporidhika, na ikiona inafaa mtoto aende shule, hutoa amri ya kuhudhuria shule inayoitaja shule yenyewe. Kukaidi amri hiyo ni kosa la jinai linaloweza kumgharimu mzazi faini ya hadi pauni 1,000, ingawa mahakamani bado anaruhusiwa kuthibitisha kwamba mtoto anapata elimu ifaayo nje ya shule.

Mzigo wa halmashauri umekua kwa kasi. Wizara ya Elimu ilikadiria kuwa watoto 92,000 walikuwa wakisomeshwa nyumbani katika msimu wa vuli wa mwaka 2023; vuli ya mwaka 2024 walikadiriwa kuwa 111,700. Wapo wazazi walioamua hivyo kwa imani au falsafa yao ya malezi, na wengi wao huifanya kazi hiyo vizuri. Lakini miongoni mwa sababu zinazotajwa sana ni afya ya akili ya mtoto, na wengine huondoka kwa kutoridhishwa na shule. Mzazi wa aina hiyo hakuchagua elimu ya nyumbani; amekosa pengine pa kwenda. Mwongozo wa Wizara wa mwaka 2019 unakataza shule kumshinikiza mzazi amwondoe mtoto ili shule iepukane naye.

Mjadala wa usimamizi umechochewa pia na misiba. Mwaka 2008 mtoto wa miaka 7 aliyekuwa ameondolewa shule alikufa kwa njaa nyumbani mjini Birmingham. Agosti 2023, huko Woking, msichana wa miaka 10 aliuawa miezi michache baada ya kuondolewa shule. Baba yake na mama wa kambo walitiwa hatiani kwa mauaji Desemba 2024. Ni haki kusema kwamba katika matukio yote mawili walimu walikuwa wamekwisha kutoa taarifa za wasiwasi wao, hivyo si elimu ya nyumbani pekee iliyowaficha watoto hao.

Daftari la lazima la watoto wanaosomeshwa nyumbani lilipendekezwa katika ripoti ya Graham Badman mwaka 2009, likaondolewa katika muswada kabla ya uchaguzi wa mwaka 2010. Lilirudi katika muswada wa mwaka 2022, ambao nao uliondolewa. Tarehe 17 Desemba 2024 Serikali iliwasilisha Muswada wa Ustawi wa Watoto na Shule, uliopendekeza kila halmashauri iwe na daftari hilo, na mzazi wa mtoto anayechunguzwa kwa ajili ya ulinzi wake aombe ridhaa kabla ya kumwondoa shule.

Mzazi anayefikiria hatua hii azingatie pia gharama. Hakuna ruzuku ya kawaida kwa elimu ya nyumbani, na ada ya mitihani ya GCSE hulipwa na familia, ambayo pia hutafuta yenyewe kituo kinachopokea watahiniwa binafsi. Anayeishi Scotland afuate sheria ya huko: mtoto akishaanza shule ya umma, ridhaa ya halmashauri kwa kawaida inahitajika kwanza.