Sarufi na Ufahamu: Kiingereza katika Shule za China

Mtu ajifunzaye lugha ya jirani hujifunza kwa masikio. Ajifunzaye lugha ya mbali hujifunza kwa macho. Vijana wa China wamejifunza Kiingereza kwa macho kwa muda uliozidi miaka mia moja na hamsini, na darasa lao la sekondari limepata sifa kwa mambo mawili: zoezi la sarufi na zoezi la ufahamu. Sifa hiyo si njema tupu. Wachina wenyewe wametunga jina la dhihaka, wakasema kwamba matokeo ya mazoezi hayo ni Kiingereza cha bubu, yaani lugha ambayo mwenye nayo huisoma kurasa mia na asiweze kuuliza njia. Walakini desturi ya darasa, kama desturi ya nyumba, haikosi sababu yake. Kabla ya kuicheka ni haki kuuliza ilitoka wapi, na ilikuwa ikiwakinga watu na nini.

Tangu 1757 biashara ya Wazungu wajao kwa bahari ilifungiwa katika bandari moja tu ya kusini, Guangzhou. Huko makuli, madalali na wenye maduka walifanya kazi na Waingereza kwa lugha ya sokoni, maneno ya Kiingereza yakiwa yamepangwa kwa mtindo wa Kichina. Vijitabu viliuzwa vilivyoandika sauti za maneno ya kigeni kwa herufi za Kichina, na mtu alipata humo bei, vipimo na majina ya bidhaa. Lugha hiyo ilitosha kwa chai na hariri. Sarufi ilikuja kwa njia nyingine. Robert Morrison, mmisionari aliyefika Guangzhou mwaka 1807, aliandika sarufi ya Kiingereza kwa ajili ya wanafunzi wa Kichina, ikapigwa chapa Makau mwaka 1823, itumiwe katika chuo alichokianzisha Malaka mwaka 1818. Kitabu kile kilikuwa na wasomaji wachache, kwa kuwa dola yenyewe ilikuwa bado haijaiona haja.

Haja ilikuja kwa mizinga. Katika mkataba wa Tianjin wa mwaka 1858, uliotiwa sahihi China ikiwa imeshindwa vitani, Waingereza waliweka sharti kwamba barua zao za serikali zitaandikwa kwa Kiingereza, na kwamba maana ikihitilafiana kati ya maandiko mawili, wao watashika ile ya Kiingereza. Msomaji na alipime sharti hilo. Tangu siku hiyo Mchina asiyejua kuisoma sentensi ya Kiingereza kwa hakika hakuweza kujua nchi yake imekubali nini. Kihusishi kimoja kingaliweza kuchukua forodha. Wakati wa kitenzi kimoja ungaliweza kugeuza ahadi ikawa deni. Kwa hiyo mwaka 1862 mwana wa mfalme Gong na wenziwe walianzisha Beijing shule ya serikali iliyoitwa Tongwen Guan. Ilianza na vijana kumi wa koo za Bendera, jamaa za askari waliotumikia nasaba ya Qing, na mwalimu mmoja wa Kiingereza. Hawakufundishwa ili wapige soga na wageni. Walifundishwa wasome nyaraka na kuzifasiri pasipo kudanganywa. Basi asili ya somo la ufahamu katika shule za serikali ya China ni mkataba, na mwalimu wake wa kwanza alikuwa hofu ya kuhadaiwa.

Sababu ya pili ni ya kale zaidi. Vitabu vitukufu vya Wachina viliandikwa pasipo nukta wala mkato. Mwanafunzi alipewa ukurasa wa herufi zilizofuatana moja kwa moja, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kutambua sentensi huishia wapi na pumzi hukatwa wapi. Asiyeelewa maana hakuweza kuweka alama. Aliyeweka alama mahali pasipo pake alijulikana mara moja kuwa hakuelewa. Zhu Xi, mwanachuoni mkubwa wa karne ya 12, aliwausia wasomaji wasome kidogo, wasome tena na tena hata maneno yawe kama yametoka vinywani mwao, kisha wafikiri. Watu waliolelewa katika kusoma kwa namna hii walipokutana na Kiingereza walikisoma vivyo hivyo: sentensi moja ikafunguliwa kama bahasha, kila neno likaulizwa kazi yake, na kifungu kizima kikahifadhiwa moyoni. Mgeni aliyeliona darasa hilo akadhani ni kukariri kwa kasuku. Kumbe ilikuwa heshima ambayo Wachina walikuwa wakiwapa wahenga wao, sasa wameiazima lugha ya kigeni.

Sarufi nayo ilipata watetezi wake. Mwaka 1898 Ma Jianzhong, aliyejua Kilatini na Kifaransa, alitoa kitabu cha sarufi ya Kichina kilichojengwa kwa kiunzi cha sarufi ya Kilatini. Naye alitumaini kwamba watoto wakiijua kanuni ya lugha yao watapunguza miaka ya kuhangaika na maandishi, wapate wasaa wa elimu nyingine. Mwaka huo huo jumba la vitabu la Shangwu la Shanghai, lililoanzishwa mwaka 1897, lilitoa kitabu cha kwanza cha Kiingereza chenye maelezo ya Kichina, kilichofuata vitabu vilivyotungwa kwa watoto wa Bara Hindi. Mwaka 1904 Yan Fu, aliyekuwa amesoma mambo ya wanamaji Uingereza na aliyekwisha kumfasiri Huxley, alitoa sarufi ya Kiingereza iliyoelezwa kwa Kichina. Kilikuwa miongoni mwa vitabu vya kwanza vya Kichina kupigwa chapa kwa mistari ya kulala na kwa alama za uandishi za Kizungu, maana mifano ya Kiingereza isingeweza kusimamishwa wima kama herufi za Kichina. Hivyo sarufi ya mgeni iligeuza hata sura ya ukurasa wa mwenyeji.

Mwaka 1905 mtihani wa kale wa dola, uliokuwa ukiwachuja maofisa kwa zaidi ya miaka elfu moja, ulifutwa. Shule mpya za sekondari zilikwisha kuamriwa kufundisha lugha ya kigeni, na katika shule nyingi lugha hiyo ilikuwa Kiingereza. Mwaka 1928 Lin Yutang alitoa vitabu vya kusomea vilivyopambwa kwa picha za Feng Zikai, humo mkiwa na hadithi na mazungumzo, naye akataka mtoto aipate sarufi ndani ya maneno yaliyo hai. Vitabu vile vilipendwa mno. Mabishano ya leo juu ya kanuni na mazungumzo si mapya: yalikuwapo katika maduka ya vitabu ya Shanghai kabla ya vita.

Lakini kwa nini sarufi imlemee mwanafunzi wa Kichina kuliko wengine? Hapa mwenye Kiswahili anaweza kuelewa kwa urahisi, kwa kuwa mahali pengine anashiriki taabu hiyo na mahali pengine amesamehewa. Kitenzi cha Kichina hakibadiliki kwa wakati. Mchina husema jana kwenda, leo kwenda, kesho kwenda, na neno la siku, pamoja na vijineno vichache vya kuonyesha kwamba jambo limetimia au limewahi kutokea, humtosha. Mswahili akisikia kwamba Kiingereza hupambanua alikula na amekula hashtuki, kwani tofauti ya -li- na -me- ameinyonya pamoja na maziwa. Mchina hana budi kuijenga akilini kama mtu ajengaye chumba katika nyumba isiyokuwa na nafasi. Jina la Kichina nalo halina umoja na wingi wa lazima: kitabu kimoja, kitabu tatu. Vijineno vya Kiingereza vinavyotangulia jina, kuonyesha kama linajulikana au halijulikani, Kichina hakina. Nasi hatuna, na makosa yetu hapo ni ya ndugu.

Udugu ni mkubwa zaidi katika kiwakilishi. Yeye wa Kiswahili hana mume wala mke, na yeye wa Kichina katika usemi ni vivyo hivyo. Hata katika maandishi herufi ya pekee ya yeye wa kike ilipata nguvu baada ya mwaka 1920 tu, ilipotetewa na mshairi Liu Bannong, tena kwa sababu wafasiri wa vitabu vya Kizungu waliihitaji. Hivyo kijana wa Chengdu na kijana wa Tanga huweza wote wawili kumsimulia mama kwa kiwakilishi cha baba. Vilevile Mchina husema kwa sababu mvua imenyesha, kwa hiyo sikuja. Na husema ingawa ni maskini, lakini ni mkarimu. Kiingereza hakivumilii viunganishi viwili hivyo pamoja, huchagua kimoja. Sisi tusemao ingawa na lakini katika pumzi moja hatuna haki ya kumcheka.

Ila jambo lizuialo ufahamu kuliko yote ni mpango wa sentensi. Kiingereza, kama Kiswahili, hutaja jina kwanza kisha hulieleza: kitabu ambacho baba alikinunua mjini. Kichina hutanguliza maelezo yote, kisha jina huja mwisho. Sentensi ikirefuka na virejeshi vikifuatana, msomaji wa Kichina huwa kama mtu aliyeingia nyumbani kwa mlango wa nyuma: vyombo vyote anavijua, lakini hajui ukumbi uko upande gani. Ndiyo maana mwalimu wake huichora sentensi ubaoni, huitafuta nguzo yake, yaani mtenda na kitenzi, kisha huning'iniza maneno mengine. Kwake sarufi ni macho ya kusomea.

Baada ya Jamhuri ya Watu kuundwa mwaka 1949, Kirusi kilichukua nafasi ya mbele, na mwaka 1954 iliamriwa kwamba sekondari za chini zisifundishe lugha ya kigeni. Kiingereza kilirejea kidogo kidogo baada ya 1956, lakini mapinduzi ya utamaduni yaliyoanza mwaka 1966 yalifunga milango, na mtihani wa kuingia vyuo vikuu ukasimamishwa. Uliporudishwa mwishoni mwa mwaka 1977, watu wapatao milioni 5.7 waliufanya, na waliopata nafasi hawakufika 300,000. Mwaka huo lugha ya kigeni haikudaiwa ila kwa waliotaka kusoma lugha. Kisha alama zake zikaongezwa uzito hatua kwa hatua, hata mwaka 1983 zikahesabiwa zote. Hapo ndipo sarufi ilipobadilishwa kazi. Ilikuwa ufunguo, ikawa chujio.

Kuanzia mwaka 1985 Guangdong ilijaribu mtihani wa Kiingereza wa kuchagua jibu moja kati ya manne, na namna hiyo ikaenea. Faida yake ni dhahiri: haukujua upendeleo, wala haukutazama mtoto wa nani. Hasara yake ilionekana polepole. Mwanafunzi aliyefundishwa kuichora sentensi alianza kufundishwa kulinusa jibu. Badala ya kuuliza mwandishi amesema nini, aliuliza mtunga swali ametaka nini. Maswali hayo mawili yanafanana kwa sura, lakini la kwanza humkuza msomaji na la pili humkuza mtahiniwa.

Watu wa elimu hawakulala. Vitabu vipya vya sekondari ya chini vya mwanzo wa miaka ya 1990, vyenye watoto Li Lei na Han Meimei wanaokumbukwa na kizazi kizima, vilileta mazungumzo darasani. Mwaka 2001 serikali iliagiza Kiingereza kianzwe katika darasa la tatu la shule ya msingi. Hata hivyo chujio halikuondoka. Mwaka 2024 walioandikishwa kwa mtihani wa taifa walizidi milioni 13. Katika majimbo mengi lugha ya kigeni huchukua alama 150 kati ya 750, na katika karatasi ya kitaifa ya Kiingereza ufahamu wa kusoma una alama 50, ilhali kusikiliza kuna 30. Sarufi siku hizi huulizwa ndani ya kifungu kizima chenye mapengo kumi, si katika sentensi zilizotawanyika. Hayo ni maendeleo, maana mapengo hayo hayajaziki kwa asiyefahamu habari.

Wako wasemao mazoezi haya yote yatupwe, mtoto afundishwe kusema tu. Neno lao lina ukweli nusu. Kusema hutaka mwalimu asemaye vizuri, darasa dogo, na mara nyingi fedha za masomo ya jioni. Mwana wa mjini hupata, mwana wa mlimani Guizhou hapati. Kitabu cha sarufi na kifungu cha kusoma vyaweza kufika kila mahali kwa bei ndogo, na mtoto mwenye bidii na kamusi aweza kufika navyo mbali. Serikali ilipopiga marufuku mwaka 2021 biashara ya masomo ya ziada kwa watoto wa elimu ya lazima, ilikiri kwamba kipimo kilichokusudiwa kuwa sawa kwa wote kilikuwa kimeanza kununuliwa. Kuondoa zoezi la bei nafuu na kubakisha lile la ghali si kumwokoa maskini.

Hukumu yangu, basi, si juu ya sarufi bali juu ya kazi iliyopewa. Vijana kumi wa mwaka 1862 walichambua vitenzi ili nchi isidanganywe na karatasi. Mjukuu wao akichambua vitenzi ili amshinde jirani yake kwa alama mbili, chombo ni kile kile lakini mkono umebadilika. Mwalimu asiyeweza kuubadilisha mtihani aweza angalau, baada ya jibu kuchaguliwa, kumwuliza mwanafunzi swali moja ambalo halimo katika karatasi: maneno haya uliyoyafahamu, unayakubali? Kwa swali hilo zoezi hurudi kuwa kusoma, na sisi tunaofundisha lugha katika pwani hii, ambao mitihani yetu nayo hupenda mapengo na majibu manne, tungefanya vyema kuliuliza mara kwa mara.